Ukuta wa Chumba cha Mama Kavutha

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kitengela. 17 Juni 2025.

Jina: Nthambi Munguti
Umri: Miaka 36
Kazi: Mshonaji nguo
Makazi: Kitengela, upande wa kuelekea Isinya

Mimi ni mke wa Munguti, dereva wa lori, ambaye kwa sasa yuko safarini Sudan Kusini. Tulihamia nyumba yetu mpya mwezi wa tatu mwaka huu pamoja na mama mkwe wangu, Kavutha. Nyumba hiyo ilijengwa na shemeji yangu Wathome, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye ni kontrakta. Mvua ilipoisha na udongo mweusi kukauka, plasta ilianza kupasuka, hasa chumbani kwa mama.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni, mwendo wa saa tatu asubuhi, Wathome alimleta fundi anayeitwa Saruni azibe nyufa, kwa sababu kesho yake pasta na waumini walikuwa waje kuombea nyumba. Wathome akaondoka. Saruni alianza kubandua plasta kwa patasi na nyundo. Mama alikuwa kitandani, kwani magoti humsumbua.

Baadaye Saruni aliniita. Plasta ilikuwa imetoka, na nyuma yake mawe yenyewe yalikuwa yameachana. Niliona mwanga wa nje. Nilitia mkono ukaingia.

Saruni akasema, "Hii si ya kuziba. Tumtoe kokoo kwanza." Kwa lugha yao ni bibi; alimaanisha mama.

Nilimpigia Wathome simu, akarudi. Alisimama mlangoni, hakuugusa ukuta.

Saruni akamwambia, "Hii ukuta inatembea. Siwezi gonga hapa tena."

Wathome akajibu, "Ni plasta tu. Weka waya, ziba, upake rangi. Kesho niko na wageni. Kama hutaki, toka, na usahau ile kazi ya Kajiado."

Nilisema, "Shemeji, tungoje tuongee na Munguti."

Akaniambia, "Nthambi, enda ukapike."

Saruni akaokota nyundo. Mimi sikwenda jikoni. Nilimshika mama mkono, nikamwinua, tukaanza kutoka polepole. Wathome alikuwa ametoka nje kwenda kwenye gari lake. Kabla hatujafika mlangoni nilisikia sauti kama kokoto zinazomwagwa. Saruni alitupa nyundo, akatusukuma mgongoni kwa mikono yote miwili. Tuliangukia kwenye korido, na ukuta ukaanguka nyuma yetu.

Kulikuwa na vumbi tupu. Niliita, "Saruni." Akajibu, "Niko hapa." Nilipoita tena hakujibu.

Majirani walikuja wakaondoa mawe kwa mikono. Wathome pia alichimba mpaka vidole vikatoka damu. Nasema hilo kwa sababu ni kweli. Saruni alikata roho njiani tukimpeleka hospitali.

Pale hospitali alikuja mke wake, Nalotuesha. Aliuliza, "Nani alimwambia aendelee?"

Wathome akasema, "Tulimkataza. Alikuwa mbishi."

Nalotuesha alinitazama. Shemeji alikuwa amesimama kando yangu. Nilitazama sakafu.

Jana jioni mama aliniambia, "Wathome ni mtoto wangu. Ukisema, umemfunga." Nilimuuliza ni mikono ya nani iliyomsukuma. Alijifunika shuka. Leo asubuhi nikitoka aliniambia nimpe viatu vyake, tukaja naye. Yuko kwenye benchi hapo nje. Hajaniambia atasema nini.

Saruni hakuwa mbishi. Alikataa, akalazimishwa. Aliyemlazimisha ni Wathome, na nilikuwa hapo nikisikia. Naomba Nalotuesha aambiwe hivyo, na aambiwe ni mimi nimesema.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe.

Sahihi: N. Munguti

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Khisa. Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi na ametia sahihi mbele yangu. Shahidi anayefuata ni Kavutha, mama mzazi wa Wathome, aliyekuja kwa hiari yake. Ameomba Nthambi abaki amekaa naye anapoeleza.