Mashindano ya Siku Aliyozikwa Mama

S.L.P. 4117,
Kinondoni,
Dar es Salaam.
20 Julai, 1976.

Mpendwa dada Jokha,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Mwanza, wewe, shemeji na Mahfudha mdogo. Je, kile kifua chake kimepona, au baridi ya ziwa bado inamsumbua? Sisi huku tuna afya, alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Kitanda cha mama tumekiacha palepale dirishani. Hakuna anayekikalia wala anayesema kihamishwe.

Barua yako niliipata wiki mbili zilizopita. Samahani kwa kuchelewa kujibu, na kazi isiwe kisingizio. Kila nikishika kalamu naandika salamu, halafu naweka chini. Ulipohangaika na safari ya treni ukaikosa arobaini, nilisikitika, lakini ndani ya moyo nilishukuru, maana ungefika ungeniuliza uso kwa uso lile uliloniuliza kwa barua: kwa nini mdogo wetu Sultan hakuingia kaburini kumpokea mama?

Sote tulimsikia mama alivyokuwa akisema. Kwamba mimi Awadh nina mikono mizito ya kushona matanga ya mashua, siku yake ikifika nisimguse, ampokee Sultan. Alisema akicheka, lakini alikuwa akimaanisha.

Ngoja nianze mbali kidogo, kwani huku kwetu wewe uliondoka kabla ya habari hizi za matanga. Mdogo wetu na mwenzake Revelian, yule Mhaya wa bandarini, walifanya mazoezi miaka miwili pale Msasani ili wachaguliwe kwenda Olimpiki. Mashua yao ni ya watu wawili, nyepesi, ukiikanyaga vibaya inakumwaga. Mwanzoni Sultan alitutesa. Tangu utotoni Kimbiji amezoea ngalawa, na akitaka kugeuza alikuwa akiupa upepo mgongo, kama tulivyofundishwa na baba. Kwenye mashua hizi unaelekeza omo, ile pua ya mbele, kwenye upepo wenyewe na kupita katikati yake. Kila akisahau, walipinduka wote wawili, na Revelian akaibuka akitukana Kihaya. Miezi sita ilipita kabla mikono yake haijakubali.

Alfajiri kabla ya kazi walikuwa majini, jioni baada ya kazi wako majini. Mimi nilikuwa fundi wao. Tanga likichanika nashona, likivutika napunguza. Mama akawa anasema nyumba yetu ina watoto wawili, na wote wameoa kitambaa kimoja.

Mashindano ya mchujo yaliwekwa Jumapili, tarehe 30 Mei. Mashua tano, na itakayoshinda ndiyo inayokwenda. Mama alikuwa mgonjwa kama tulivyokuandikia, lakini usiku ule alilala vizuri, na tulipoondoka alitudai tunywe uji kwanza. Hatukuona dalili yoyote, Wallahi.

Sasa dada, hapa ndipo ninapotaka unisome taratibu.

Saa tatu na nusu nilikuwa pwani nikikaza kamba ya mwisho kwenye tanga. Sultan na Revelian walikuwa hatua kama thelathini kutoka kwangu, wanaivuta mashua mchangani. Nikamwona Fransis, jirani yetu mchonga vinyago, anakuja na baiskeli, shati limelowa jasho. Ilikuwa saa yake ya kanisani. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Kaka Awadh, pole. Mama ametutoka. Saa mbili hivi, mke wangu Yuliana alikuwa naye."

Nilimshika mkono nikamvuta nyuma ya mitumbwi. Nikamwambia asiseme kitu, mashindano yataisha saa sita, maziko yatakuwa baada ya alasiri, Sultan atawahi. Fransis aliutoa mkono wake mkononi mwangu.

"Hili mie simo, kaka. Ni mamaenu. Lakini mie simo."

Nikamwacha pale, nikaenda kuwasukuma majini. Ndiyo, dada. Kwa mikono hii niliisukuma mashua. Sultan akageuka akaniuliza mbona macho yangu mekundu. Nikamwambia ni chumvi.

Nimejitetea kwa mengi tangu siku ile. Nilisema ni kwa ajili ya jasho lake la miaka miwili. Nilisema ni kwa ajili ya Revelian, ambaye angekosa nafasi kwa msiba usio wake. Yote ni kweli, lakini hayatoshi. Mimi pia niliahidiwa kiti kwenye ndege, kama fundi wa matanga. Mtoto wa Kimbiji ambaye hajawahi kuvuka hata mpaka wa Horohoro! Nilikitaka kiti kile. Nimeandika sasa.

Niliagiza pwani kwamba wakirudi tu Sultan aje nyumbani mbio, nikaenda kushughulikia maziko ya mama. Lakini wazee wa msikitini wakasema kila kitu kiko tayari, ndugu wa karibu wapo, hakuna sababu ya kumsubirisha maiti hadi alasiri. Nilichotakiwa kusema ni kwamba bado mwanawe mmoja. Wangeniuliza yuko wapi, na nimemwarifu saa ngapi. Niliona haya kuwaambia kwamba nasubiri mashua. Nikanyamaza. Na huko baharini upepo ukalala, mashindano yakajivuta. Saa saba na robo tukatoka na jeneza, na mimi mwenye mikono mizito ndiye niliyeshuka kumpokea.

Sultan aliingia saa tisa, amelowa, na bado amevaa ile fulana yenye namba. Walikuwa wameshinda. Alipoona viatu mlangoni akaelewa. Akaniuliza kwa nini hakuitwa. Nikamjibu kwamba Fransis alifika wakati wao wamekwisha ondoka. Fransis alikuwa amekaa jamvini pembeni yangu. Aliinamisha kichwa, na tangu siku hiyo hakai na mimi barazani.

Ndiyo hayo anayoyaamini Sultan hadi leo.

Kisha wiki iliyopita redio ikatangaza kwamba nchi yetu haiendi Olimpiki, kwa sababu ya wale waliopeleka timu yao kucheza na makaburu, nao bado wakaruhusiwa kushiriki. Uamuzi ni wa haki na sina neno nao. Sultan naye alisema ni sawa, hatuwezi kukimbia uwanja mmoja na watu wa namna hiyo. Akazima redio. Halafu akaniuliza:

"Kaka, mama mlimtoa saa ngapi?"

Nikamwambia.

"Saa saba na robo sie tulikuwa boya la mwisho. Upepo hamna. Revelian akaanza kuubembeleza kwa Kihaya, kama mtu anabembeleza mkewe arudi nyumbani. Mie nilikuwa nacheka, kaka. Nilicheka mpaka usukani ukanitoka mkononi."

Akalia, dada. Siku ya msiba hakulia, akalia siku hiyo. Kisha akaniwekea mkono begani, yeye ananifariji mimi, akasema laiti Fransis angewahi kidogo tu angeshuka mashuani palepale, lakini nisijilaumu, ilikuwa imeandikwa.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema.

Kwa hiyo usimlaumu Sultan, wala usimwandikie maneno makali. Mwenye kosa ni mimi. Nimekwisha kwenda kwa Fransis kumwomba radhi, naye alinisogezea kigoda nikae.

Msalimie sana shemeji, na umbusu Mahfudha mdogo. Yuliana anakusalimu na anasema ile kanga ya mama amekuwekea. Nilitaka kuandika kwamba mama anakusalimu, kama nilivyozoea kila barua. Mungu amrehemu, na akulinde wewe na nyumba yako.

Bahasha ya barua hii sitaifunga. Kesho asubuhi nitampa Sultan aipeleke posta, na nitamwambia aisome kwanza. Ikikufikia, ujue aliyeifunga ni yeye.

Mdogo wako akupendaye,
Awadh