Nilimwita Mtoto kwa Ugonjwa Wake

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na kabla sijaeleza naomba uniwie radhi kwa urefu wa barua hii, kwa maana jambo ninalolileta nimelibeba kifuani kwa wiki tatu, na kila nikitafuta namna ya kulifupisha naona ninajitetea.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mjane, bibi wa wajukuu saba, na nimekuwa muuguzi wa wodi kwa miaka thelathini na mbili mpaka nilipostaafu. Kwa neema ya Mola nilisomeshwa dini na marehemu baba yangu tangu utotoni, na kila Jumatano alasiri wanawake wa mtaani hukusanyika sebuleni kwangu nikawasomesha, na darsa letu la mwaka huu, nalitaja kwa aibu, linahusu kuuchunga ulimi.

Mwanzoni mwa muhula huu niliajiriwa kuwa muuguzi wa shule ya bweni ya wasichana, nikapewa chumba chenye vitanda viwili, kabati la dawa lenye kitasa kibovu, na dirisha pana linalotazama uwanjani, ambalo wanafunzi hupanga foleni chini yake wakati wa mapumziko. Siku ya pili alinijia mlezi wa bweni la wadogo, ambaye wasichana humwita Mama Funguo kwa sababu husikika akija kabla hajaonekana, akafunga mlango, akaniambia, "Mama, kuna mtoto wangu mmoja wa darasa la tano bado anakojoa kitandani. Namwamsha, namfulia shuka kabla wenzake hawajafumbua macho, na hadi leo tumefika salama. Naomba unitafutie mpira wa kutandika juu ya godoro. Tulikuwa wawili tunaojua, sasa tuko watatu." Akanitajia jina la mtoto, akanionyesha kupitia dirishani, nami nikamjibu asiwe na wasiwasi, siri za watu nilianza kuzitunza kabla yeye hajazaliwa.

Naomba uelewe, mshauri, na ukielewa usinihurumie. Wodini kwetu tuliwaita wagonjwa kwa maradhi yao. "Wa kisukari, chai yako hii!" "Kidonda cha mguu, njoo ufungwe!" Nao waliitika wakicheka, na nakumbuka mzee mmoja alikuwa akinijibu kutoka kitandani, "Kidonda kinakuja, sista, mwenye mguu anatafuta kandambili!" Pale kila mtu alikuwa mgonjwa, hakuna aliyemcheka mwenzake, na ulimi wangu ukajizoesha hivyo miaka yote ile bila mimi kuuona kuwa una kosa lolote.

Siku yangu ya nne kazini, wakati wa mapumziko, nilikuwa nahesabu vidonge vya mtoto mwingine, mpira ule umeletwa kutoka stoo na uko mezani, nikainua macho nikamwona yule wa darasa la tano yuko wa nne kwenye foleni, jina lake likanipotea, nami nikaita kwa sauti ile ile ya wodini, "Wewe wa kukojoa kitandani, mpira wako umefika, njoo uchukue!"

Mtoto hakuja. Alitazama viatu vyake, akageuka, akaondoka polepole kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau darasani, na wasichana watatu waliokuwa mbele yake wakatazamana. Kufikia jioni bweni zima lilikuwa likimwita Godoro.

Nilijiambia kwamba watoto husahau. Baada ya siku nane, asubuhi, shule nzima ikiwa imesimama gwaride kwenye jua, mtoto yule akaanguka. Nilimlaza, nikamwinua miguu, nikamlegeza kola, akafumbua macho, nikamnywesha maji yenye chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, na Mwalimu Mkuu akawaambia wanafunzi, "Miaka minne nimeomba tuletewe muuguzi. Leo mmeona kwa nini!" Wakanipigia makofi, mshauri. Nilipigiwa makofi na watoto mia nne.

Chumbani nilimwona midomo imekauka hadi imepasuka, nikamuuliza tangu lini hajanywa maji. Akanijibu kwa sauti ndogo, "Nikikauka sikojoi, Bibi Nesi." Nikakaa kitandani kando yake, naye aliponiona nalia akanishika mkono akasema, "Najua hukukusudia. Hukuwaona wale wa mbele yangu. Usijali, sitamwambia mtu kwamba ni wewe." Na kweli hakusema. Mwalimu Mkuu alipochunguza jina la Godoro limetoka wapi, mtoto alinyamaza, na wale wasichana watatu, kwa kuogopa adhabu, wakasema walisikia tu bwenini.

Basi akaitwa Mama Funguo ofisini, nami nikiwapo kama muuguzi. Mwalimu Mkuu akamwambia, "Siri ya bwenini wewe ndiye unayelala nayo. Imetokaje nje?" Akajibu, "Mimi sijaisema, mwalimu," na hakunitazama hata mara moja, na naamini alijua, akaacha kunitazama kwa kunistahi. Mimi nilivua miwani nikaifuta, nikaivaa tena. Akapewa barua ya kujieleza, na kikao cha kuamua kama atabaki kazini kitafanyika mwisho wa mwezi huu. Hakuna aliyenidhania mimi, kwa sababu ya umri wangu na mtandio wangu.

Nimeleta istighfari nyingi hadi sauti imekauka, na Jumatano iliyopita niliahirisha darsa nikisingizia mafua. Nimefikiria kuacha kazi kimya kimya niseme ni magoti, na wakati mwingine nafikiria kupanda jukwaani siku ya gwaride nikiri mbele ya shule nzima ili nifedheheke kama nilivyomfedhehesha. Nishauri, ipi kati ya njia hizi mbili ni ya haki?

Bibi Nesi

JIBU

Shikamoo, mama. Nimetanguliza heshima kwa sababu maneno yatakayofuata ni makali kidogo, na umri wako hautayapunguza.

Hakuna hata moja. Ukiacha kazi kwa kisingizio cha magoti, utakuwa umeongeza uongo juu ya kunyamaza, na Mama Funguo atabaki peke yake mbele ya kikao. Ukipanda jukwaani, watoto mia nne watageuza shingo kumtafuta anayezungumziwa, na yule binti ataanikwa mara ya pili, safari hii kwa kipaza sauti. Hilo la jukwaani lingekutuliza wewe, mama. Yeye lingemwumiza.

Kosa la dirishani ni la mazoea, na mazoea ya miaka thelathini na mbili hayafi siku ya nne. Kwa hilo ninakuonea huruma. Lakini ofisini hapakuwa na mazoea. Uliona mwanamke aliyekuamini akishtakiwa kwa maneno yaliyotoka kinywani mwako, ukafuta miwani. Hapo ndipo pa kuonea aibu, na nadhani ndiyo sababu sauti inakukauka na moyo hautulii. Wewe ndiye uliyesoma, sitakufundisha dini, ila unajua vizuri kuliko mimi kwamba haki ya mja iko mikononi mwa mja mwenyewe, na huwezi kuilipa ukiwa umejifungia chumbani.

Kwa hiyo usingoje kikao. Siku hii hii unaposoma jibu hili, nenda kwa Mwalimu Mkuu, ufunge mlango, umweleze siku, saa na maneno uliyoyatamka, kisha uyaandike na utie sahihi, ili karatasi yako iwekwe kwenye jalada la Mama Funguo na barua aliyopewa ifutwe. Usieleze habari za wodini mpaka uulizwe. Inawezekana ukaonywa, inawezekana mkataba wako ukakatizwa. Ni haki yao. Kama watakubakiza, baki, kwa maana mtoto yule anahitaji muuguzi aliyekwisha kujua uzito wa jina.

Ukitoka hapo, mtafute Mama Funguo bwenini kwake. Sema, "Nilikosa mara mbili, dirishani na ofisini." Kisha unyamaze, umwache aseme atakalo, hata akikufokea, hata funguo zikigonga meza.

Wale wasichana watatu waite wewe mwenyewe, ndani, bila fimbo wala mahubiri. Waambie jina lile lilizaliwa kinywani mwako na kwamba umekuja kulizika. Watoto hushtuka sana wanapomsikia mtu mzima akikiri, na mshtuko huo utafanya kazi kuliko adhabu.

Dirisha lifunge. Weka benchi kwenye korido, watoto waingie mmoja mmoja, na usimwite mtu kwa kitu chochote isipokuwa jina alilopewa na wazazi wake. Ukilisahau, ondoka kitini umfuate. Mpira ule uukunje ndani ya shuka, apelekewe na mlezi wake pamoja na nguo za kufuliwa. Mpeleke binti kwa daktari achunguzwe figo na kibofu, na kila mapumziko anywe maji mbele yako, nawe unywe naye.

Nimeliacha la mwisho makusudi. Usimwombe mtoto msamaha kwa machozi, kwa sababu amekwisha kukubembeleza mara moja, naye ndiye aliyekuwa mgonjwa. Keti naye, umwambie hivi: "Nimemwambia Mwalimu Mkuu mimi mwenyewe. Siri yangu uitue, mwanangu, si mzigo wako tena." Ana miaka kumi au kumi na moja, na wiki tatu sasa amekutunzia ulichoshindwa kumtunzia yeye, huku akiitwa Godoro. Baada ya kumtua, Jumatano ikifika, fungua sebule yako uendelee na darsa pale ulipoishia. Nadhani safari hii utalisomesha taratibu zaidi.