Kwa Nini Naimba Nikiendesha Baiskeli

Mpendwa mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kayole hatujambo. Nyanya yako anakusalimu, na goti lake limepona.

Uliuliza kwa nini naimba nikiendesha baiskeli. Ujanani tulikwenda kiwandani kwa msafara, malori yakitupita karibu kutugusa. Wa mbele alianzisha wimbo wa kanisani, wa nyuma akaitikia. Wa nyuma akinyamaza, sote tuligeuka kumtafuta mtaroni.

Juzi walifungua njia ya baiskeli, ukuta wa zege ukitutenga na malori! Nikaanzisha wimbo kwa mazoea. Akina mama na wanafunzi waliokuwa nyuma yangu wakaitikia. Mara, kimya. Nikageuka haraka kuwatafuta mtaroni.

Walikuwa wamesimama kununua mahindi ya kuchoma.

Nekesa, nilishangilia peke yangu barabarani kama mwehu!

Ni mimi babu yako, ambaye bado anapiga pedali.