Mama Mkwe Anatibiwa Vidole na Friji

Bibi yangu wa gazetini, naomba unishike mkono kabla sijazama, mimi ni mchanganyaji katika kiwanda cha nyaya za umeme, kazi yangu ni kutia unga wa udongo mweupe kwenye plastiki inayovishwa waya ili ganda liwe gumu na lisiyeyuke kwa joto, na unga huo lazima ukaushwe kwanza kwenye oveni, sasa siku moja oveni tulikuwa tumeijaza vyakula vyetu vya mchana tunavipasha, nikautia unga na unyevu wake, nikasema nani atajua, ganda likatoka na vitundu kama vya sindano, fundi mkuu akaamuru roli lile la waya litupwe, nami nikalipeleka kwa mama mkwe nikamwekea umeme wa jikoni kama zawadi, maana mkwe wake mwingine kamwezekea nyumba, na sasa kila akishika friji umeme unamchonyota vidole, lakini Bibi, anasema ganzi yake ya siku nyingi ya vidole imepona, kawaita majirani nao waje washike, na juzi mbele yao wote kaniita mwanangu, mara ya kwanza tangu nioe, nikisema kweli nitarudi kuitwa "yule" kama zamani, nifanyeje?

Mkwe Kipenzi

Wewe mtoto, kaa chini. Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini kuta nimekandika. Udongo mtupu hupasuka. Ukitia majani makavu unashikana. Ukitia mabichi yanaozea ndani, ukuta unabaki matundu, nyoka anahamia. Unga wako ndio majani hayo. Ulijua, ukafanya, na kilichokataliwa kiwandani ukampelekea aliyekuzalia mke.

Nilicheka, nisiseme uongo, chai ikanitokea puani. Kisha nikamfikiria yule mama akishika friji kwa mikono yenye maji. Nikaacha kucheka.

Najua kuitwa mwana ukweni ni kutamu. Hata marehemu mume wangu alikuwa akimtekea mama yangu maji apate kusifiwa. Ila maji hayaui kwa kuguswa.

Gazeti liweke chini sasa hivi. Nenda, uzime swichi kuu kabla hata hujaamkia. Sema kweli yote mbele ya majirani wale wale, maana usipowaambia watarudi kushika. Ng'oa waya wote, uukatekate asije mtu akauokota, ufunge mwingine mzima, na fundi asiye wewe aupime. Ama ganzi ya mama, mpeleke hospitali.

Atakutukana, na matusi yake nayajua, ni mtu wa rika langu. Inamisha kichwa umsikilize mpaka amalize. Mtu anayetukana bado anapumua.