Harufu Niliyomficha Rukia

Jumatano, Chanika. Mvua imeanza alfajiri na bado haijaamua kukoma. Njia ya kwetu imekuwa tope tupu, nguo nilizofua jana zinanuka uvundo kwenye kamba ya sebuleni, na mimi nina hasira ambayo sijapata wa kumrushia. Kila ninayemfikiria hana kosa. Nabaki mimi.

Wanaopitia ukurasa huu wamezoea picha za mishumaa yangu na maneno matamu chini yake. Leo hakuna picha.

Juzi niliharibu singo ya bibi harusi.

Nieleze kwa wenzangu wa bara. Singo ni siku ya wanawake peke yao. Bibi harusi anakalishwa kwenye mkeka, anasuguliwa liwa na viungo mwili mzima mpaka ang'ae na anukie, huku wenzake wanamwimbia na kumchokoza. Mimi mtu wa Njombe nimeishi huku miaka tisa, nimepeleka vyungu vya wali kwenye shughuli zao nyingi, lakini kukalishwa ndani kabisa, pale penye mkeka, ilikuwa mara ya kwanza. Nilijiona nimefika.

Aliyenialika ni Rukia, jirani yangu wa nyumba ya tatu. Bibi harusi ni Zuhura, mdogo wake wa tumbo moja. Mama yao alifariki miezi mitano iliyopita, na tangu hapo Rukia ndiye amekuwa mama wa nyumba ile. Ijumaa hii, baada ya swala, Zuhura anaolewa. Rukia ndiye aliyepangwa kukaa naye chumbani, mahali pa mama, mpaka bwana harusi aje kumchukua. Mara ngapi amenisimulia jambo hilo! Alishanunua hadi kanga za siku hiyo.

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana aibu yenyewe imetokea huko.

Zaidi ya miaka mitatu sikuwahi kuchanganya harufu bila pua ya Rukia. Hajasomea. Mimi nilikuwa nachovya kipande cha karatasi kwenye mafuta, nampa, naye anafumba macho. Hakuwa anataja maua wala viungo. Alikuwa anataja watu. "Hii ya mjomba anayepiga pasi kanzu mwenyewe." "Hii ya mwalimu mkuu aliyestaafu, ana kisukari." Na akikunja uso, basi: "Hii shoga iache, hii ya mtu aliyegombana na mume wake." Nilikuwa nacheka mpaka nashika mbavu, halafu nafanya alivyosema. Mishumaa yangu yote iliyopata jina mjini ni ile aliyoipitisha yeye.

Mwaka jana nikaukuta mchanganyiko wangu wa asumini na ndimu kwenye duka moja Kinondoni. Glasi kama zangu, utambi kama wangu, jina la mtu mwingine. Nikaunusa pale pale dukani. Ulikuwa wangu, kipimo kwa kipimo.

Nani alikuwa anakijua kile kipimo? Nilirudi nyumbani na jibu tayari: mimi na Rukia. Sikuwahesabu wale wanawake wa semina ya kanisani niliowafundisha siku nzima huku nikiwaonyesha daftari langu kwa madaha. Wale walikuwa wengi na mbali, na mwizi niliyemtaka alikuwa karibu. Hadi leo sijui nani aliiba. Nilimchagua Rukia kwa sababu yeye alikuwa anaingia kwangu bila kubisha hodi.

Sikumwambia kitu. Laiti ningemwambia, tungegombana, tungenuniana wiki, yakaisha. Badala yake nikaanza kufunga mlango wa chumba cha kazi. Nikabandua karatasi zote kwenye chupa za mafuta, nikaandika namba ninazozijua mwenyewe. Akija, nafunika sufuria. Alipoulizia karatasi ya kunusa, nikamwambia kozi niliyosoma mtandaoni inakataza mtu mwingine kunusa mpaka nta ikomae.

Alinitazama kidogo. "Haya shoga, kama ndo utaalamu wenyewe."

Hakuulizia tena. Lakini ndugu zake walipoanza kupanga singo, alikuja akasimama mlangoni, hakuingia, akaniambia nimtengenezee Zuhura mshumaa wake mwenyewe, harufu ambayo hajawahi kuwa nayo bibi harusi mwingine. "Mie nakuamini," alisema. Nilifurahi, na hapo hapo nikajiuliza anataka kujua nini.

Niliufanya mshumaa ule peke yangu siku kumi na moja. Udi nikauweka chini, maana ni mzito na unakaa hadi mwisho. Katikati waridi. Ikatoka harufu nzuri lakini nene mno, inakaa kichwani kama umekula halua ya watu watatu. Ilihitaji kitu cha kuitangulia, kitu cha baridi, cha kufungua pua kabla utamu haujafika. Nikajaribu ndimu, ikawa sabuni. Nikajaribu mnanaa, ikawa dawa ya meno. Siku ya nane nikakumbuka kafuri.

Kwetu Njombe asubuhi za baridi mama alikuwa akitupaka kifuani mafuta yenye kafuri kabla ya shule. Mkono wake ulikuwa mgumu wa jembe, na ile harufu ilikuwa inapanda puani mpaka machozi yanatoka, halafu kifua kinafunguka. Nikaponda kidonge kimoja kidogo cheupe, nikakiyeyusha kwenye mafuta ya waridi, nikachovya karatasi. Nililia. Nikasema hii ndiyo, Zuhura ataolewa na harufu ya mkono wa mama.

Ndivyo nilivyosema, kwa sauti, mpumbavu mimi, peke yangu chumbani na mlango umefungwa.

Nilikwenda Kariakoo kununua vya kutosha mishumaa ya chumba kizima, kwenye duka la udi na manukato. Udi, marashi ya waridi, pakiti mbili za kafuri, na nyuzi za pamba za utambi. Yule mzee muuzaji alivifunga taratibu kwenye gazeti, akanipa kwa mikono miwili, akaniambia, "Poleni sana, mama." Nikadhani ananipa pole ya jua na msongamano. Nikamjibu, "Asante baba, tumeshapoa."

Leo nikilikumbuka jibu lile natamani kujificha uvunguni.

Basi Jumatatu mchana tukajaa chumbani. Madirisha yamefungwa na mapazia yameshushwa ili wanaume wasichungulie. Zuhura yuko kwenye mkeka, uso na mikono vya manjano kwa liwa na viungo. Wamo shangazi yao Bi Hadija, dada wa marehemu baba yao, ndiye mkubwa wa shughuli, na wanawake wawili wa upande wa bwana harusi waliokuja kumwona mwari wao. Mimi nikawasha mishumaa mmoja mmoja kuzunguka chumba, nikarudi kukaa nimejaa sifa. Nikasubiri waulize nani kaitengeneza.

Nyimbo zilianza kupungua upande wa mlangoni. Kisha katikati. Nilidhani wanavuta pumzi.

Zuhura ndiye aliyesema, taratibu, kama mtoto anayeuliza njia. "Dada, mbona pananukia kama siku ile tunamwosha mama?"

Hapo bibi mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Nani kaleta karafuu maiti humu?"

Sikujua. Naapa sikujua. Kwenye msiba wa mama yao nilikuwa uani na wenzangu tunamenya viazi. Chumba cha kuoshea sikuingia na nisingeruhusiwa. Sikujua kwamba kafuri yangu huku ina jina hilo, kwamba inatiwa kwenye maji ya mwisho ya kumwoshea maiti, na kwamba kwao haina kazi nyingine. Udi peke yake ni harusi. Waridi peke yake ni harusi. Ukiongeza kafuri, kila mwanamke aliyewahi kuosha maiti anajua yuko wapi. Na Zuhura na Rukia walimwosha mama yao kwa mikono yao.

Pua ya Rukia ingenitajia mtu wa harufu hiyo kwa mara moja tu ya kunusa. Mtu huyo alikuwa mama yake.

Mishumaa ikazimwa kwa viganja, kwa kanga, kwa chochote. Zuhura alikuwa analia na liwa inamtiririka shingoni. Mmoja wa wale wa upande wa bwana harusi alishasimama, anasema hii ni nuksi, nyumba hii inamzika mwari wao kabla hajaolewa. Mwingine akanigeukia. "Huyu mama wa bara kafanya makusudi. Nani anaweka kitu kile kwa bahati mbaya?" Chumba kizima kikanitazama.

Rukia akasimama katikati yao.

"Mwacheni mgeni wa watu. Mie ndo niliyempa aweke. Nilidhani ikichanganywa haitajulikana. Kosa langu."

Bi Hadija akamgeukia. "Rukia. Umemwosha mama yako kwa hiyo, leo unamletea mdogo wako?"

"Ndiyo, shangazi. Nimekosa."

Nilinyamaza.

Nataka niliandike tena kwa sababu ndilo lililonileta hapa leo. Nilinyamaza. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nikashusha pumzi kwa sababu macho ya watu yameniondoka. Na kuna jambo baya zaidi. Kwa dakika ile moja, moyo wangu mchafu ulisema: naye alipe kidogo, kwa ile asumini na ndimu.

Jana zikanifikia habari. Bi Hadija amewatuliza wakwe, ndoa ipo. Lakini Rukia hatakaa na mdogo wake Ijumaa. Mahali pa mama atakaa Bi Hadija mwenyewe, na Rukia ameambiwa abaki jikoni na wapishi, asimkaribie mwari mpaka atoke.

Leo asubuhi nimekwenda kwake na mvua yote ile. Nimemkuta barazani anachambua mchele wa shughuli kwenye ungo. Nilisimama kwenye maji yanayodondoka bati, nikasema nisamehe. Hakuacha kuchambua.

"Nikusamehe lipi? La mshumaa au la kunificha?"

Akapuliza makapi pembeni ya ungo.

"La mshumaa hukujua," alisema. "Hata mtoto wa hapa angeweza kukosea, sembuse wewe. Siku ile ile nilishakusamehe, ndo maana nilisimama. Hili lingine ulilijua. Mwaka mzima unafunika masufuria nikipita, unadhani mie kipofu?"

Nikamwambia kuhusu duka la Kinondoni. Yote. Niliposema neno "nilidhani" kwa mara ya tatu aliinua mkono ninyamaze.

"Ungeniuliza tu, shoga."

Nikamwambia nitakwenda kwa Bi Hadija leo hii nikaseme ukweli. Hapo ndipo alipoinua uso, na sikuona shukrani yoyote.

"Sikutumi. Ukienda, nenda kwa miguu yako na kwa ajili yako. Usije ukaniletea habari kwamba umenifanyia hisani."

Akarudi kwenye mchele wake. Sikukaribishwa kukaa, na kwa nyumba ile hilo halijawahi kunipata.

Nimerudi, nimebadilisha nguo zilizolowa, nimeketi hapa kuandika kwa sababu ninapoandika ninaahirisha kutoka. Bi Hadija anakaa Pugu. Akishasikia kwangu, wale wa upande wa bwana harusi watasikia kabla ya jioni, na hakuna nyumba ya huku itakayowasha tena mshumaa uliotoka mkononi mwangu. Hilo nimeshalikubali. Naona hata si hilo linalonibana.

Ninalofanyia mazoezi ni sentensi moja. Nimeisema mbele ya kioo, nimeisema nikivaa viatu. Shikamoo, shangazi. Rukia hakunipa kafuri, na hakujua nimeweka nini, kwa sababu nilimficha, na nilimficha kwa sababu nilimwona mwizi.

Nusu ya kwanza inatoka vizuri. Nikifika kwenye "mwizi" sauti inakatika, naanza upya kutoka shikamoo. Nitaendelea kuisema njiani. Mvua haijakoma, na Ijumaa ni keshokutwa.