Maji ya Kuchemsha kwa Samaki wa Baba

Jumapili, Magomeni, Kilosa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, halafu ikakata ghafla, jua likawaka na matope yakaanza kunuka. Hewa nzito, lakini moyo wangu mwepesi.

Shajara yangu, mwandiko huu uvumilie. Mikono bado imelowa na nina furaha kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Idi.

Nina mto sebuleni!

Sitanii. Uko pale chini ya dirisha, juu ya benchi la mninga, na ndani yake visamaki vinakimbizana mpaka kizunguzungu kinanishika. Vyembamba, rangi ya fedha, kila kimoja na doa jeusi ubavuni. Kimoja kikigeuka, vyote vinageuka. Nimeacha wali ukaungua kwa kuvitazama.

Mto wenyewe si wangu, ni wa Baba.

Tangu aanguke kule Mikumi akaumia nyonga, nikamleta hapa kwangu, kazi yake ni kuutazama ukuta. Miaka yote alikuwa mfyekaji wa nyasi za barabara za hifadhini, na kila jioni akitoka kazini aliketi kwenye daraja la mbao karibu na nyumba yake, akiangalia samaki. Marehemu Mama alikuwa akimtania kwamba ana mke wa pili mle mtoni. Hapa Kilosa hana daraja wala hana Mama. Furushi lake liko miguuni pa kitanda, limefungwa kwa shuka la bluu. Akitoa shati analifunga upya.

Na wiki hii wimbo umekuwa mmoja: Jumatatu anapanda basi, anarudi kwake. Kwake kwa nani? Jirani zake wote wamehamia kijiji cha ujamaa, mbali na pale, nyumba yake imebaki yenyewe na tembo. Mtu asiyeweza kwenda chooni bila fimbo na bega langu, nani atamchotea maji? Nikimwuliza hivyo anakaza fundo la furushi. Nami ni mtoto wake tu, siwezi kumfungia baba yangu mlango.

Nikaamua basi mto ndio uhame. Mbona watu wanahama kila siku!

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya ubibi afya Dar es Salaam niliona tangi la vioo nyumbani kwa mwalimu wetu mmoja. Nikamsumbua kwa maswali mpaka akacheka. Alinieleza kwamba samaki wa kundi, wenye mbio kama hawa, hawataki tangi refu kwenda juu. Wanataka refu kwenda mbele, wapate pa kukimbilia. Majani yakae nyuma na pembeni, katikati pabaki uwanja. Na wasiwe wawili watatu, maana wakiwa wachache wanajificha au wanang'atana mapezi. Wakiwa wengi wanachangamka.

Vioo nimevitoa kwenye milango ya kabati langu la vyombo. Ndiyo, lile kabati langu ninalojivunia. Fundi bati wa hapa mtaani alitengeneza fremu ya vyuma, akaziba viungo kwa lami, akaniuliza, "Dada Zena, hili ni jeneza la nani?" Nikamwambia ni nyumba ya wageni. Akatikisa kichwa, lakini kazi yake nzuri, haivuji hata tone.

Ijumaa gari la chanjo lilikwenda Mikumi. Nilipomaliza kuchanja watoto nilikwenda darajani kwa Baba na kipande cha chandarua, nikapandisha gauni la kazi magotini na kuingia majini. Wanawake waliokuwa wakifua walicheka mpaka wakakaa chini. Bibi afya anavua! Nikarudi Kilosa na debe la samaki katikati ya miguu, nikilikumbatia kila tulipopita kwenye shimo, nikalificha jikoni Baba asilione.

Sasa sikia upumbavu wangu.

Mimi kazi yangu ni kuwaambia watu wachemshe maji. Nimelisema hilo Vidunda, nimelisema Mabwerebwere, nadhani nalisema hata usingizini. Basi jana nimechemsha maji ya kisima sufuria baada ya sufuria, nikayachuja kwa kitambaa cheupe, nikayafunika yapoe. Leo asubuhi nikayajaza tangini taratibu juu ya changarawe na majani niliyokwisha kupanda. Maji yalimetameta! Nikawatia samaki. Yale maji ya mtoni yaliyobaki kwenye debe, yenye rangi ya chai, nikayamwaga kwenye mche wa pilipili kwa sababu ni machafu.

Nikamwita Baba. Nikamketisha mbele ya kioo. Aliwatambua palepale, niliona, maana alisogeza uso mpaka pua ikagusa kioo. Nikasema moyoni, umeshinda, Zena.

Halafu samaki wakaanza kupanda juu. Mmoja, kisha wote, midomo nje ya maji, wakitweta. Hakuna aliyekimbia tena.

"Wamechoka na safari?" Baba aliuliza.

Niliwaza kwamba nimewatoa mtoni nije niwaue mbele ya macho yake, na kesho ataondoka akiwa na msiba mwingine juu. Nilitaka kulia. Kusema kweli nililia kidogo.

"Umewapa maji gani?"

"Ya kuchemsha, Baba."

Akanitazama. "Hata samaki?"

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kila nikifundisha, kina mama hulalamika kwamba maji ya kuchemsha yamepooza, hayana ladha. Nami huwajibu vilevile kila mara: hewa imetoka, yamimine kutoka chombo hadi chombo, yatachangamka. Kumbe samaki nao walikuwa wakiidai hewa hiyohiyo! Nikachota kikombe, nikanyanyua mkono juu kabisa, nikamimina. Nikachota tena. Povu likaruka, changarawe ikatimka, sakafu ikalowa.

Mkono ulipoanza kuniuma nilisikia fimbo ikianguka.

Baba alikuwa amesimama. Peke yake, kiuno kimeegemea dirisha, mkono ameunyoosha. "Lete kikombe, mama. Unamimina kwa woga."

Tukapokezana. Tulimimina mpaka jasho likatutoka, mpaka tukaanza kucheka, mpaka samaki mmoja akashuka chini, akafuatwa na mwingine, na ghafla kundi zima likakata kona na kufyatuka kuelekea upande wa pili! Baba akapiga kelele ambayo sijaisikia tangu Mama yuko hai.

Kisamaki kimoja kikaruka nje kabisa kwa furaha, kikaangukia mkekani. Nikakirudisha mbio. Nilikuwa nimesahau mfuniko, na vioo vimeniishia.

Baba akaokota fimbo, akaingia chumbani taratibu. Nilisikia akihangaika na kitu. Alitoka na shuka la bluu, tupu, akalitandaza juu ya tangi na kuacha upenyo wa hewa pembeni.

"Nguo zangu nimezitia kwenye kabati lako," akasema. "Lile lisilo na milango." Kisha akanipiga marufuku kuwamwagia chochote samaki wake bila kumwuliza.

Sasa ameketi pale, anazungumza nao kwa Kividunda, lugha ya kwao. Simsikii vizuri, wala simwulizi.

Kesho asubuhi basi la Mikumi litapiga honi hapo njiani. Na lipige.