Nilishinda mdahalo, sasa ukweni mimi ndiye mhamiaji

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, tena haraka kidogo, kwa sababu korosho zimeshaanza kudondoka na mimi hadi leo sijui kama msimu huu nitaokota nikiwa mkwe au nikiwa kibarua, au kama nitakuwepo kabisa.

Mimi ni mzaliwa wa Chiwata, Masasi, nimeoa Makote, Newala, na kwa kuwa kwa mila zetu mwanamume ndiye anayemfuata mke, nilihamia kwa mama mkwe wangu, Bibi Pili, nikapewa kiwanja cha kujenga na kipande cha mikorosho, na mke wangu Bimdogo tumeishi vizuri hata majirani wanatutolea mfano, isipokuwa nina tabia moja ambayo mimi sioni kama ni kosa, nayo ni kwamba nikisikia hoja siwezi kunyamaza. Nilisoma sekondari ya Chidya, nikawa mwenyekiti wa klabu ya midahalo, na mtu akishaonja yale makofi hayamtoki mwilini.

Sasa kampeni zilipopamba moto, kijiwe chetu cha kahawa pale karibu na ghala la korosho kiliandaa mdahalo wa kupima sera za yule mgombea urais anayesema mambo mawili makubwa, jina lake silitaji maana najua gazeti lako halitaki ugomvi. La kwanza anasema wageni wote waliovuka mipaka wakaguliwe, asiye na kibali arudi alikotoka, na la pili anasema makato yote kwenye korosho yafutwe, badala yake kila mtu mzima alipe kodi moja ndogo, ila mgeni alipe mara mbili kwa sababu anatumia barabara na zahanati na maji ambayo hakuyachangia. Mimi nilipangiwa kumtetea. Kusema kweli la makato nalipenda kutoka moyoni, mkulima gani hapa halipendi, lakini la wageni sikuwa na maoni yoyote, ila mdahalo ni mdahalo, huwezi kutetea nusu ya mgombea.

Mshauri, siku ile maneno yalinijia yenyewe. Nilisema kaya isiyojua wageni wake si kaya, ni stendi, nikasema anayekuta tenki limejaa amkumbuke aliyelijenga, nikapigilia na ile methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, halafu nikaongeza ya kwangu, kwamba siku ya nne muulize kibali. Watu waligonga vikombe, mpinzani wangu Abdulazizi akaishiwa pumzi, nikatangazwa mshindi. Tatizo ni kwamba kwenye benchi alikuwepo Nikolao.

Nikolao ni mtu wa ng'ambo ya Ruvuma, alikimbia mapigano ya kwao akafikia kwa mama mkwe wangu, akapewa banda la nyuma, anapogolea mikorosho, anaokota nasi, anakula nasi, na mama mkwe anamwita mwanangu kwa sababu Kimakonde chao ni kile kile, tena mama mzazi wa Bibi Pili naye alizaliwa ng'ambo huko huko, jambo ambalo nalijua siku zote lakini wakati wa kuhutubia halikunijia. Nikolao alimaliza kahawa yake, akaniambia, "Baba Furaha, umesema vizuri," akaenda zake. Asubuhi tulikuta banda limefagiliwa, na yeye hayupo.

Mama mkwe hakuniambia kitu, na hilo peke yake si ajabu, kwa heshima zetu mkwe na mama mkwe hawasemeshani ovyo, akiwa na neno langu huwa analisema kwa kuku nami nasikia. Jioni ile aliwamwagia pumba akasema, "Kuleni, wanangu. Nyie mmezaliwa hapa." Nikajua pana jambo.

Haukupita muda akaitwa mjomba wa mke wangu, Mzee Bwanali, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akakaa, akasema bila kupandisha sauti, "Mkwe wetu, nimesikia umeshinda mdahalo. Hongera. Na sisi ukoo tumekaa, sera yako tumeikubali. Sasa tuambie, hapa kwetu wageni ni akina nani?"

Nikasema Nikolao, naye ameshaondoka.

"Huyo mmoja. Mwingine?"

Nikageuka kutazama banda tupu.

"Bimdogo kazaliwa hapa. Mjukuu wetu Furaha kazaliwa hapa, na ni wa ukoo wa mama yake. Wewe umezaliwa wapi, baba?"

"Chiwata, mjomba."

"Chiwata ni wapi?"

"Masasi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Mbali," akasema.

Tangu siku hiyo natekelezewa sera. Maji huku juu ni ya shida, kila mtu mzima katika kaya anachota ndoo moja bombani asubuhi, mimi nachota mbili. Nikitaka kwenda kwenye mikorosho niliyoipalilia kwa mikono yangu naomba kibali, na mtoa kibali ni mama mkwe, ambaye hanisemeshi, kwa hiyo nasimama uani nangoja aseme na kuku, na siku nyingine kuku hawapo karibu.

Nilimweleza mke wangu kwamba ule ulikuwa mdahalo tu, la wageni sikuliamini hata kidogo. Akaniambia, "Afadhali ungekuwa unaliamini." Hilo sikulielewa na sijalielewa mpaka leo. Naye Mzee Bwanali ametamka kwamba mnada wa kwanza wa korosho ukifanyika, mgeni ambaye hajapata kibali arudi kwao, Bimdogo na mtoto watabaki, na Bimdogo alikuwepo wakati anatamka, hakupinga, alikuwa anapepeta mchele. Kijiweni wananiita mheshimiwa.

Sasa mshauri, nimchukue mke wangu kwa nguvu turudi Chiwata? Au nimkane mgombea wangu hadharani, na nikimkana nitaonekanaje mbele ya watu walionipigia makofi? Na la makato bado nalipenda. Nampenda sana mke wangu na mwanangu, usiku silali. Tafadhali lifiche jina langu.

Mwenye Ndoo Mbili,
Makote, Newala.

BI DOMINIKA ANAJIBU:

Pole. Hiyo itunze vizuri, maana sina nyingine.

Umeniomba nifiche jina lako, kisha umetaja ukoo mzima mpaka banda la nyuma. Majina ya watu nimeyabadilisha. Kuku nimewaacha.

Tuanze na mgombea wako. Mpende utakavyo, kura ni yako na ni siri. Makato ya korosho ni hoja ya kweli, mkulima akiisimamia simwiti mjinga. Hata hilo la nchi kutaka kujua nani anaingia na nani anatoka, watu wazima wanaweza kubishana nalo, hawa wakasema ndiyo, hawa hapana, na kahawa ikanyweka. Mzee Bwanali hakuhoji kura yako. Ungesoma barua yako mwenyewe kwa makini ungeliona hilo.

Kosa lako ni lingine. Ulimfukuza mtu aliyekaa benchi moja nawe, kwa ajili ya jambo ambalo unasema huna maoni nalo. Ulifanya hivyo ili upigiwe vikombe. Mtu anayeamini jambo, mkewe anaweza kukaa naye jikoni akabishana naye, pengine akabadilika. Wewe abishane nawe juu ya nini, baba? Ndiyo maana akasema afadhali ungekuwa unaamini. Mwanamke amegundua kwamba mumewe anaweza kusema lolote juu ya yeyote, mradi kuna watazamaji. Ningekuwa mimi, nami ningepepeta mchele.

Wala usije ukaniandikia kesho kwamba ulikuwa utani. Huko kwenu watani wanataniana mpaka msibani, najua, mimi ni wa huko. Lakini mtani hujibu, tena hujibu kwa sauti kubwa kuliko yako. Nikolao angekujibu kwa kinywa kipi, wakati kula yake na kulala kwake ni kwa hisani ya nyumba unayokaa wewe?

Hilo la kumchukua mke kwa nguvu lifute kabla wino haujakauka. Ni aibu, na hata akili haina. Ukifika Chiwata utawakuta dada zako kwa mama yenu, na dada zako wana waume waliotoka vijiji vingine, wanalima mikorosho ya ukoo wenu. Utawasalimiaje mashemeji zako? Utawauliza kibali?

Ndoo mbili endelea kuchota. Wanawake wa huko wamechota zaidi ya hizo tangu wakiwa wasichana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniandikia kulalamika.

Sasa nisikilize vizuri. Barua yako nimeisoma mara ya pili nikitafuta sentensi moja tu, sikuiona. Umeuliza habari ya mke, ya mgombea, ya makofi, ya utaonekanaje. Hukuuliza Nikolao yuko wapi. Mtu aliyekwisha kukimbia kwao akiogopa kufa ameondoka tena, safari hii kwa sababu ya maneno yako, na kabla ya kuondoka alifagia. Hukuuliza kama amekula. Wewe unadhani mama mkwe wako amekasirikia sera. Mama yule amepotelewa na mtoto, na aliyempoteza analala nyumba ya pili, anasimama uani kuomba ruhusa ya kwenda kwenye mikorosho.

Basi kamtafute. Acha mikorosho, korosho hazina miguu. Ulizia kwenye mashamba yanayochukua vibarua, ulizia msikitini na kanisani, ulizia kwa watu wa ng'ambo walioko Newala mjini, na ikibidi uteremke mpaka bondeni Ruvuma, teremka. Usimtume mtu. Usipige simu. Ukimpata, naomba sana, usihutubie. Mwambie, "Kaka, nimekukosea, turudi nyumbani," kisha funga mdomo, hata kama umepata hoja ya pili nzuri sana. Akikataa, ana haki yake. Baki hapo hapo umsaidie kazi aliyonayo, na kesho umwombe tena.

Baada ya hapo nenda kijiweni, mbele ya wale wale, useme kwamba ulilosema juu ya watu hukuwa unaliamini, na ulilosema juu ya makato bado unalisimamia. Watakucheka sana. Kaa uchekwe mpaka waishe.

Kwa mama mkwe usiende peke yako, na mkifika usitangulie. Mwache Nikolao apige hodi. Akiitikiwa karibu, nawe ingia nyuma yake.